Ukiokota Sarafu ya Shaba, Mjue Kwanza Aliyeitoa

Msimu wa kuchimba matuta ukifika hapa Salama, Makueni, jembe huibua mengi: vigae vya vyungu, misumari iliyoliwa na kutu, na mara mojamoja sarafu ya shaba iliyoshika rangi ya kijani. Wengine hawahitaji hata jembe. Susu, yaani bibi wa nyumba, anafariki, familia inafungua sanduku lake baada ya matanga, na chini kabisa, kwenye pindo la leso lililopigwa fundo, zinapatikana senti tatu au nne ambazo vijana wa nyumba hiyo hawajapata kuziona. Swali linalofuata huwa lile lile: "Hii sasa ni pesa ngapi?"

Swali hilo ni halali. Mwenye karo ya kulipa hawezi kudharau chochote kinachouzika. Lakini kati ya swali hilo na jibu lake ndipo sarafu nyingi zinapoharibika. Moja husuguliwa kwa jivu hadi maandishi yakafutika. Nyingine hutupwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu pamoja na nyaya. Nyingine humponza mwenyewe, akamtumia "ada ya usajili" mtu wa simu asiyemjua. Naandika ili hayo yasikupate, na ushauri wangu wote una mzizi mmoja: mjue aliyeitoa sarafu kabla ya kuuliza bei yake. Ukishajua ni sultani yupi, kampuni ipi, malkia au mfalme gani aliyeamuru ipigwe, utajua umri wake, njia iliyoifikisha kwenu na sheria inayoihusu. Bei huja mwisho, na ikifika zamu yake haisumbui.

Iache na uchafu wake

Jambo la kwanza ni kuzuia mikono. Ndimu, siki, soda, jivu, mchanga, waya wa kusugulia sufuria na dawa za kung'arisha shaba, vyote viweke mbali. Ile rangi ya hudhurungi au ya kijani iliyokolea ni utando uliojengeka kwa miaka mingi, nao huilinda shaba iliyo chini yake. Asidi ya ndimu huuvua utando huo kwa dakika chache, na mistari myembamba ya herufi na picha huondoka nao. Kinachobaki ni kipande cha rangi ya waridi kinachong'aa, na mkusanyaji yeyote wa sarafu akikitia machoni hujua kilichotendeka. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na hakuna fundi awezaye kuirudishia ule uso wake.

Kama imetoka shambani na udongo umeifunika kabisa, tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, yaani yale yaliyosafishwa yakatolewa chumvi. Angalia vizuri unauziwa maji wala si asidi ya betri, kwa maana asidi itaila sarafu na kukuunguza wewe. Maji ya visima vingi vya Makueni yana chumvi, na chumvi ni adui mkubwa wa shaba, kwa hiyo usiyatumie. Loweka sarafu siku nzima, badilisha maji, loweka tena, kisha ondoa udongo uliolainika kwa kijiti cha meno. Ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa safi cha pamba, bila kusugua. Sarafu iliyotoka sandukuni haihitaji hata hayo.

Kuna kijani cha aina moja kinachotaka hatua ya haraka. Ukiona vidoadoa vya kijani kilichopauka, vyenye ungaunga unaotoka ukiugusa, huo ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi na unyevu. Itenge sarafu hiyo na wenzake, iweke mahali pakavu kabisa, na umwonyeshe mtaalamu wa makumbusho. Kijani kigumu, laini kama rangi iliyopakwa, hakina neno.

Isome polepole

Kaa karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa bado chini. Mwanga wa ubavuni huinua herufi ambazo mwanga wa juu huzificha. Piga picha pande zote mbili na ukingo wake, ukiweka rula kando ili ukubwa uonekane. Kama imelika sana, ifunike kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli juu yake kwa wepesi. Mara nyingi tarakimu ambayo jicho halikuiona hujitokeza kwenye karatasi. Kisha ijaribu kwa sumaku, kwani shaba haivutwi na sumaku. Kama "shaba" yako inanasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu.

Tafuta mambo matano: jina, mwaka, thamani iliyoandikwa, picha, na herufi ndogo zilizojificha karibu na ukingo au chini ya mwaka. Herufi H, kwa mfano, ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza, kilichopiga fedha nyingi za Afrika Mashariki. KN ni King's Norton, kiwanda kingine cha Birmingham.

Mwaka ukiwa umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, usikate tamaa. Moja ni mstari wima na tisa inafanana na 9 yetu. Wengi huteleza kwenye tano na sifuri: tano ni kiduara kidogo, na sifuri ni nukta tu. Ukishapata mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, uzidishe kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa hiyo 1299 hukupa mwaka 1882, na 1306 hukupa mwishoni mwa 1888. Hesabu hiyo inakaribia tu, lakini inatosha kukuweka chini ya mtawala sahihi.

Watawala unaoweza kuwakuta Ukambani

Salama haiko pembeni ya historia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo. Reli ilipita nyanda hizi kati ya 1898 na 1899 ikielekea Nairobi. Mwendo mfupi kutoka hapa ukielekea Emali upo mji wa Sultan Hamud, unaobeba jina la Hamud bin Mohammed aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, miaka hiyo hiyo ya ujenzi wa reli. Kila msafara, kila kundi la wajenzi na kila askari aliyerudi nyumbani alikuwa na kitu mfukoni.

Sarafu ya shaba kongwe ambayo unaweza kuikuta kwa urahisi ni paisa ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Maandishi yake yote ni ya Kiarabu, na upande mmoja una mizani yenye vitanga viwili. Mwaka wake ni 1299 au 1304 wa Hijria, yaani 1882 au mnamo 1887. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ndiye aliyetia sahihi mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar, akaleta maji ya bomba mjini, na akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Enzi yake ilifika pwani yote ya Mombasa, ndiyo maana paisa zake zilipanda bara na wafanyabiashara. Ukiiona mizani hiyo nyumbani kwenu, waulize wazee kuhusu safari za pwani.

Usiichanganye na binamu yake. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kuendesha shughuli katika eneo hili, na mwaka huo huo ikatoa paisa yake ya Mombasa. Nayo ina mizani, kwa sababu ilikusudiwa kukubalika na watu waliokwisha kuizoea ile ya Sultani. Lakini hii ina jina la Kampuni kwa Kiingereza na mwaka 1888, pamoja na 1306 wa Hijria. Kampuni hiyo ndiyo iliyoweka kituo Machakos, kisha ikaelemewa na gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Paisa yake ni kumbukumbu ya miaka ile michache ambayo nchi iliendeshwa na wenye hisa.

Inayofuata ni paisa ya Malkia Victoria, ya miaka 1897, 1898 na 1899, yenye kichwa chake upande mmoja na jina la himaya ya Afrika Mashariki upande wa pili. Paisa 64 zilifanya rupia moja. Hii ndiyo shaba ya miaka ya reli, wakati maelfu ya vibarua kutoka India walipokuwa wakilipwa kwa rupia. Ukiifukua karibu na njia ya zamani ya reli, yaani kuanzia Ulu kupita Sultan Hamud hadi Kibwezi, mahali penyewe ni sehemu ya ushahidi.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, rupia iliondolewa na shilingi ikaingia mnamo 1921. Hapo ndipo zilipozaliwa senti tano na senti kumi za shaba zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu walizitunga kwenye uzi ili zisipotee. Jina la mfalme limezunguka tundu upande mmoja, na upande wa pili kuna pembe za ndovu. Majina ya wafalme yamo kwa Kilatini: GEORGIVS V, kisha EDWARDVS VIII, kisha GEORGIVS VI. Baada yao linafuata jina la Malkia Elizabeth wa Pili. Soma na vyeo pia. Sarafu za George VI za mwanzo zina maneno IND IMP, yaani kaisari wa India. India ilijitawala mwaka 1947, na zile zilizopigwa miaka michache baadaye hazina tena maneno hayo. Uhuru wa nchi nyingine ulifika hadi kwenye senti tano ya mnunuzi wa chumvi mjini Wote.

Mfalme aliyeshuka akawa Duke

Itazame kwa makini senti kumi ya mwaka 1936. Ina upana unaokaribia milimita 30, ni nzito mkononi, na rangi yake ni ya kahawa. Tundu liko katikati na taji liko juu yake. Zungusha polepole uone herufi EDWARDVS VIII. Geuza upande wa pili, pembe za ndovu zinakumbatia tundu, na mwaka uko hapo chini. Tafuta H au KN. Kama hakuna herufi yoyote, ilipigwa London.

Edward wa Nane alirithi kiti tarehe 20 Januari 1936, akakiacha Desemba 11 mwaka huo huo ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke ambaye serikali na kanisa havikumkubali awe malkia. Hakuwahi kutawazwa. Baada ya hapo alipewa cheo cha Duke wa Windsor, cheo cha ukoo wa kifalme kilicho chini ya mfalme, na akabaki nacho hadi alipofariki mwaka 1972. Kenya aliifahamu: alikuja kuwinda mwaka 1928 na tena 1930, akiwa bado mrithi wa kiti.

Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikupata kuingia sokoni, na vielelezo vichache vilivyopigwa vinasakwa kwa fedha nyingi sana. Huku kwetu, kwa kuwa senti yenye tundu haikuhitaji sura bali jina tu, viwanda vilikwisha kuzipiga kwa wingi. Zikaletwa, zikanunua unga na mafuta ya taa, zikalipa kodi. Hivyo mkulima wa Mukaa alishika fedha ya mfalme huyo kila siku, wakati Mwingereza wa London hakuwahi kuipokea dukani.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanasikia kwamba sarafu ya Edward wa Nane ni ya mamilioni, wanaitazama senti yao ya 1936, na moyo unaruka. Inayotafutwa kwa mamilioni ni ile ya Uingereza yenye sura. Senti zetu za 1936 zilitolewa kwa wingi mno na zimebaki nyingi, hivyo bei yake ni ndogo. Historia yake ni nzuri kuliko bei yake, na hilo si kosa la sarafu.

Kipimo cha bei ni uchache, si umri wala utamu wa hadithi. Linganisha senti hiyo na zile za Sultani Ali bin Hamud wa Zanzibar, mwana wa Hamud yule wa mji jirani. Mwaka 1908 alitoa sarafu zenye mnazi, nazo leo ni adimu kabisa. Ukikuta mnazi na mwaka 1908, usimkabidhi mtu yeyote mkononi kabla ya kwenda nayo makumbusho. Kwa upande mwingine, senti tano na kumi za mwaka 1964 hazina jina la mtawala yeyote wala taji. Zilipigwa baada ya Uhuru na kabla ya Benki Kuu ya Kenya kuanzishwa mwaka 1966. Bei yake ni ndogo, lakini zingekuwa kwangu ningezitunza, kwa sababu hakuna sarafu nyingine inayoonyesha wazi hivyo nchi ikiwa imemwondoa bwana wa zamani na kabla haijaandika jina lake.

Shaba ya Waitaliano

Nyumba nyingi za Ukambani zilitoa askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Mwaka 1941 vikosi vilivyotoka Kenya vilipita Somalia hadi Addis Ababa, na waliorudi walikuja na sarafu za Kiitaliano mfukoni. Ndiyo sababu shaba ya Roma inaweza kutoka kwenye mkebe wa Kimbo huko Kilome. Angalia aina mbili.

Ya kwanza imeandikwa SOMALIA ITALIANA, ina maneno ya Kiarabu pia, na thamani yake ni besa 1, 2 au 4. Ilitolewa kati ya 1909 na 1921 chini ya Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu, na besa 100 zilifanya rupia moja. Ya pili ni chentesimi ya Italia yenyewe. Ile ya 10, iliyopigwa kuanzia 1919 hadi 1937, ina nyuki juu ya ua. Ile ya 5 ina suke la ngano. Kama jina la mfalme linafuatwa na maneno RE E IMP, sarafu haizidi umri wa 1936, kwa kuwa alijipa cheo cha kaisari baada ya Italia kuivamia Ethiopia.

Ukoo wa mfalme huyo ulikuwa wa maduke wa Savoy karne nyingi kabla haujafika kwenye ufalme mwaka 1713. Katika miaka hiyo Italia haikuwa nchi moja. Kila duke, wa Savoy, wa Parma, wa Modena, alipiga shaba yake kwa jina lake. Ukipata sarafu ndogo nyembamba yenye jina la duke na neno DVX, iko mbali sana na kwao, na hadithi ya aliyeileta ndiyo itakayokuwa na uzito. Duke mmoja wa ukoo huo alifikia mwisho wake hapa kwetu: Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa himaya ya Italia ya Afrika Mashariki. Alisalimu amri Amba Alagi Mei 1941, akaletwa Kenya kama mfungwa wa vita, akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Amezikwa Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Mzee aliyerudi na chentesimi mfukoni alikuwa mshindi wa vita ambavyo duke huyo alishindwa. Familia ikilijua hilo, sarafu ile inakuwa medali ya pili.

Sheria inataka nini

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inatambua kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kwa kipimo hicho paisa ya Barghash na ile ya Kampuni zimo ndani, na senti ya Edward haimo. Kuna mambo matatu ya kushika.

Ukigundua ardhini kitu cha kiakiolojia, toa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Vitu vya kale vinavyofukuliwa ni mali ya umma, kwa hiyo usikimbilie kuviuza. Na hakuna kitu cha kale kinachoruhusiwa kutolewa nchini bila kibali. Mgeni akikwambia atakulipa vizuri ukimtumia ng'ambo kimyakimya, anakutafutia kesi.

Usiogope kwenda. Makumbusho ya Nairobi yako mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka Salama, na ukiwa pwani, wapo maofisa Fort Jesus. Unaweza kuanza kwa kupeleka picha tu. Na kama umeipata ukichimba, simamisha jembe mahali hapo. Usilipanue shimo kutafuta nyingine, kwa sababu tabaka la udongo na vigae vilivyolala kando ya sarafu ndivyo vinavyoieleza. Mwaka 2010, Mambrui karibu na Malindi, wataalamu wa Kenya na China walichimbua sarafu moja ya Kichina ya enzi ya Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Sarafu kama hizo ziko nyingi duniani. Hiyo ilipata uzito kwa sababu ilijulikana imetoka wapi hasa.

Bei na matapeli

Zingatia kanuni moja isiyo na ubaguzi: mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Akitaka ada ya usajili, ya uthibitisho, ya bima au ya "afisa wa benki", kata simu. Vivyo hivyo kwa anayedai sarafu za zamani zina madini ya siri yanayohitajika ng'ambo. Shaba ni shaba, haina siri.

Ukitaka kujua bei, tazama ziliuzwa kwa kiasi gani sarafu kama yako, mwaka ule ule, herufi ile ile ya kiwanda, na hali ile ile ya kulika. Bei ambayo mtu ameitangaza haina maana, kwani hata mimi naweza kutangaza kuku wangu kwa milioni. Tafuta iliyolipwa mnadani. Uliza watu wawili wasiojuana. Usimwachie mtu sarafu "akaiangalie nyumbani", na kabla ya kumwonyesha, uwe na picha zako za karibu ili usirudishiwe nyingine.

Nawe ukitaka kununua, jihadhari. Sarafu ya kweli hupigwa kwa mhuri, ndiyo maana herufi zake zina kingo kali hata zikiwa zimelika. Ya bandia mara nyingi humiminwa: ina vishimo vya mapovu, herufi zake ni kama zimelowa, na ukingoni kuna mstari wa kiungo. Weka yako na nyingine ya aina hiyo kwenye mizani ya sonara. Tofauti kubwa ya uzito ni onyo.

Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hupoteza bei kwa wakusanyaji. Usihuzunike. Ikiwa ilivaliwa na bibi yako, tundu lile ni sehemu ya maisha yake, na hakuna mnunuzi anayeweza kulilipia.

Andika kabla ya kuhifadhi

Zitie kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Usitumie plastiki laini inayonuka, kwa sababu huishia kuichafua shaba kwa utando unaonata. Ishike sarafu kwa ukingo, maana jasho la vidole huacha alama. Weka bahasha ndani ya kopo kavu pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na usiliweke kopo karibu na chumvi, mbolea wala moshi wa jikoni.

Halafu kamata kalamu. Juu ya bahasha andika sarafu ni ipi, ilipatikana wapi, lini, na nani, na ilikuwa pamoja na vitu gani. Kama imetoka shambani, taja kijiji na alama ya karibu, au pima mahali hapo kwa simu. Kama imetoka sandukuni, andika ilikuwa ya nani, alifanya kazi gani, alisafiri wapi, na aliyekueleza hayo ni nani.

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Alizitia kwenye mkebe zikakaa humo hadi mwaka 1979, alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa shaba za masultani wa Kilwa, ng'ambo ya bahari nzima ya Hindi. Jambo moja alilolifanya ndilo lililoziokoa: alitia alama kwenye ramani mahali alipozikuta. Kwa alama hiyo watafiti waliweza kurudi huko mwaka 2013. Bila hiyo, zingekuwa shaba tano tu kwenye mkebe wa mzee.

Basi Desemba ikifika, watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, toeni mikebe na masanduku. Ketini na wazee wale waliowahi kununua sukari kwa senti yenye tundu, maana hao ndio wa mwisho watakaotuambia senti kumi ilinunua nini soko la Salama na nani aliileta nyumbani. Mmoja asome jina la mtawala, mwingine apige picha, na mwenye mwandiko mzuri aandike bahasha. Mkishamaliza, kaeni muamue kwa pamoja kama mnauza, mnatunza au mnazipeleka makumbusho, na uamuzi wowote mtakaofikia mtakuwa mmeufanya mkijua mlichoshika.